Namba Arobaini na Moja

Jua lilikuwa linazama Wesonga alipofunga visu vya Jacinta kwenye gunia na kukata njia ya nyuma ya kiwanda. Jacinta hukaanga samaki ufuoni, na mdomo wake ni mkali kuliko hivyo visu. Kumchelewesha ni kujitafutia matusi ya wiki nzima.

Wesonga alikata minofu ya samaki wa mbuta katika kiwanda kile miaka kumi na moja. Kilipofungwa, yeye na mkewe Nakhungu, aliyekata meza moja naye, walifutwa kazi siku moja, kwa karatasi moja. Wenzao wengine walikimbilia bodaboda, wengine pombe ya chang'aa. Yeye alifunga jiwe la kunolea kwenye baiskeli, akawa anazunguka mpaka Otonglo akinoa visu vya watu. Nakhungu akapika mandazi. Magumu, lakini yalinunuliwa.

Stima ilikatwa kiwandani miaka mitatu iliyopita. Kwa hivyo ile baridi iliyomshika shingoni haikuwa na pa kutoka. Halafu harufu... Klorini. Barafu. Samaki mbichi.

Shrr. Shrr. Kisu juu ya jiwe.

Huku ziwani hata mtoto anajua: ukiitwa jina gizani na humwoni anayeita, nyamaza. Angeitwa Wesonga, angenyamaza.

"Arobaini na moja," sauti ikanong'ona.

"Niko."

Miaka kumi na moja aliitwa hivyo kila asubuhi. Mdomo ulifunguka wenyewe, mjinga huo.

Mapazia ya plastiki ya mlango wa nyuma yakaachana. Ndani, watu wa zamu yake walikuwa wamejipanga mezani, aproni nyeupe, gamboti nyeupe za mpira miguuni. Oluoch alikuwepo, yule aliyesemekana amepata kazi Nairobi. Mezani hapakuwa na samaki. Oluoch alikuwa ameulaza mkono wake mwenyewe, anautoa mnofu taratibu, safi, bila damu. Kifua alikuwa ameshamaliza. Mifupa mitupu, kama ule mgongo wazi wa mbuta tunaouziwa sisi maskini.

"Oluoch..."

"Usinisumbue. Wenzangu wamenipita."

Robinson, msimamizi wao, akasogea. Wesonga alikuwa amebeba jeneza lake Januari.

"Chukua kisu."

"Mkubwa, mimi nilifutwa."

"Umeitika."

"Nina mtoto nyumbani."

"Hapa nani hana? Nipe namba nyingine, uende."

Angeweza kutaja namba ya uongo. Hakujaribu hata. Alitaja ya yule aliyesimama kando yake mezani miaka yote ile.

"Arobaini na mbili."

Jacinta alimtukana kwa kuchelewa. Nyumbani, Nakhungu alimpakulia ugali na omena, akamwachia sehemu kubwa. Sentensi moja ingetosha: ukiitwa namba, usiitike. Lakini angeuliza kwa nini. Na asipoitika yeye, wangerudi kumwita nani?

Wesonga akala, akamaliza.

Siku tatu, kimya. Ya nne, jioni, mandazi yakiwa bado kwenye mafuta...

"Niko," Nakhungu akasema.

Binti yao Debra akainua kichwa. "Mama, unaongea na nani?"

Nakhungu alifuta unga mikononi, haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Chini ya mlango baridi ilikuwa inaingia, na harufu ya klorini.

"Baba Debra, zile gamboti zangu uliweka wapi?"

Wesonga hakumtazama.

"Chini ya kitanda," akasema, akasogea jikoni kugeuza mandazi yasiungue.