Nilimtemea Mate Kompadre Wangu Mlangoni pa Kanisa

Nilimtemea mate kompadre wangu, yaani baba wa ubatizo wa binti yangu, mlangoni pa kanisa, padri akiwa bado anapeana mikono na waumini.

Yakamtua kwenye kola ya shati jeupe.

"Mnoko wewe," nikamwambia. "Umemuuza mdogo wangu."

Fidencio alitoa leso akajifuta, akamshika mkewe mkono wakaondoka. Nikasema moyoni, ona, hata kujitetea hawezi...

Wadau, kabla hamjanishangilia kwenye komenti, someni mpaka mwisho.

Naitwa Herlinda. Natangaza kipindi cha asubuhi kwenye redio ndogo ya jamii hapa bonde la stroberi, California. Studio yetu iko nyuma ya duka la matairi. Wavunaji wanatusikiliza kwa simu zilizo mifukoni, wameinama kwenye matuta kutwa nzima.

Zamani nilikuwa natangaza pia magari ya Uhamiaji, wale wanaokamata wasio na makaratasi ya kuishi nchini. Mtu akiyaona anapiga simu, nami nasema hewani, jamani, magari mawili meusi yako karibu na soko, kaeni macho. Basi, ni hivyo tu.

Washington wakachukia. Kwanza wakakata pesa za redio za umma nchi nzima. Halafu wakatuandikia kwamba leseni yetu inachunguzwa, na maneno yangu yote walikuwa nayo, mpaka pale nilipokohoa.

Bosi wetu ni Lorraine, mzungu mmoja mwembamba asiyekula mchana. Akatuita wote.

"Wanatusikiliza kila siku," akasema. "Kuanzia leo hakuna habari za magari. Muziki na salamu tu."

Nilimwita mwoga mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Sasa Abundio. Ndiye kitinda mimba wetu. Alipigana kwenye sherehe ya mpwa wetu, akamvunja mtu pua, akafungwa miezi miwili gereza la kaunti. Hana makaratasi. Ila jimbo letu lina sheria yake: askari wa gereza haruhusiwi kuwapigia simu Uhamiaji kuwaambia mfungwa kama yeye anatoka lini. Washington wanaitukana sheria hiyo kila kukicha, lakini ipo. Kwa hiyo tulijua akimaliza kifungo anarudi kwa mama.

Na ndani ya gereza hilohilo kulikuwa na askari Fidencio, kompadre wangu. Tangu avae ile sare nilikuwa sipokei simu zake. Mtoto wa mvuna stroberi anawafungia milango watoto wa wavuna stroberi... hapana bwana, mimi hilo lilinishinda.

Siku ya kutoka tukaenda, mimi na mama. Mama alikuwa ameamka alfajiri kupika mole, mchuzi mzito wa pilipili anaoupenda Abundio, na bata mzinga ndani. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Abundio akatoka na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazi. Alipotuona akacheka.

Wanaume wanne wenye barakoa wakashuka kwenye gari lililoegeshwa ubavuni mwetu. Ubavuni kabisa, jamani. Mama alikuwa amewasalimia.

Mama akang'ang'ania mkono mmoja wa Abundio, wao wakavuta mwingine. Wakashinda. Mama akabaki na mfuko wa viatu.

Wiki haikuisha, mdogo wangu kashatupwa ng'ambo ya mpaka.

Nikajiuliza, nani alijua siku na saa? Gereza. Nani yuko gerezani? Tena Fidencio alikuwa amenipigia mara tatu siku ya kabla yake, sikupokea. Nikajua tu, dhamiri inamsuta.

Jumapili nikamtemea mate. Jumatatu nikamtaja hewani kwa jina lake kamili. Kufika jioni matairi ya gari lake yalikuwa yamechanwa yote, na mkewe wamemfukuza kwenye foleni ya mikate ya tortilla. Mama alikuwa anashinda dirishani, viatu vya Abundio mapajani, anamlaani Fidencio na kizazi chake.

Mimi nilifurahi. Siwafichi, nilifurahi sana.

Jumatano Fidencio akaja studio, hana sare. Nikamwambia atoke kabla sijamwitia watu.

"Komadre, Uhamiaji sikuwapigia," akasema. "Nilikupigia wewe."

"Kuniambia nini?"

"Kwamba muende na wakili. Nilisikia redioni. Na kama mimi nimesikia, basi na wao wamesikia."

"Umesikia nini wewe?"

Akamtazama Lorraine. Redio yetu inahifadhi kila kipindi. Lorraine akakaa kwenye mashine, akakitafuta kipindi changu cha siku moja kabla Abundio hajatoka, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya mama yangu.

"Namsalimu mwanangu Abundio. Anatoka kesho gereza la kaunti, saa tatu asubuhi, mlango wa nyuma. Tutakuwepo na mole yake. Naomba mumpigie wimbo."

Wadau... kwetu salamu ni kama chumvi kwenye mboga. Mtoto kazaliwa, mgonjwa karuhusiwa, mfungwa katoka, mama mtu anapiga redioni, wimbo unapigwa, mtaa mzima unafurahi. Tuliogopa kutangaza magari. Salamu nani angeziogopa?

Halafu ikafuata sauti ya pili, inacheka. Yangu.

"Mama kashasema! Abundio, kesho saa tatu, mlango wa nyuma, usichelewe."

Sikuwa nimesahau. Ila haikunipitia akilini kwamba lile ni jambo. Nikakaa sakafuni.

Nilianza kumwomba msamaha, Fidencio akanikatisha.

"Nisafishe kwa maikrofoni hiyohiyo," akasema. "Mwanangu anarushiwa mawe."

Akaondoka bila kunipa mkono. Mpaka leo hanisalimii, na ana haki.

Lakini nimsafisheje? Watu wangeuliza, kama si yeye, ni nani? Na mwenye kosa alikuwa amekaa dirishani na viatu mapajani.

Alhamisi nikawasha maikrofoni. Nikasema Fidencio hana hatia. Nikasema ni mimi, Herlinda, na mdomo wangu. Nilimtajia mteja mmoja wa duka la matairi siku, saa na mlango, kumbe alikuwa mtu wao. Mteja huyo hayupo. Nilimbuni hapohapo.

Salamu za wanaotoka gerezani tumezifuta. Lorraine alikubali tuseme ni amri yake, mama asije akaunganisha na salamu yake. Mtaa mzima sasa unamwita mwoga, na jina hilo nililianzisha mimi.

Mama alisikia yote. Nilipofika kwake alifungua mlango nusu, akanirushia kiatu kimoja cha Abundio, kikanipata shavuni. Akasema hana binti. Tangu siku hiyo sijaingia nyumba ile.

Jamani, furaha yenu ikae jikoni mpaka mtu wenu avuke kizingiti. Na ukitaka kumtaja msaliti, jiulize kwanza wewe mwenyewe ulisema nini.

Mama hajui kusoma. Redio ndiyo gazeti lake, ndiyo maana haya nayaandika, siyatangazi. Na wewe unayemjua mama yangu, usije ukamsomea.

Acha aendelee kunichukia mimi.