Picha ya Annah

Kurasa zilikuwa na mate. Munyao, karani mstaafu wa Donholm, aliligundua jambo hilo mchana mmoja alipofungua chumba alimohifadhi majarida yake ya zamani. Kila ukurasa ulikuwa na unyevu pembeni, kama umefunuliwa kwa kidole kilicholambwa.

"Uliingia humu?" alimuuliza mkewe.

"Nitafute nini kwenye vumbi lako?" Kathini akajibu.

Munyao hakuendelea, kwa kuwa alimjua mtu aliyekuwa akifunua hivyo. Mwezi uliopita alikwenda mtaa wa Ziwani kwa Mama Khalayi, bibi kizee aliyepofuka, akapewa rundo zima la majarida bure. Mama aliomba kitu kimoja tu. "Binti yangu Annah alipigwa picha humo kabla hajafa. Nibakizie hilo moja, niwe nalipapasa." Munyao aliliona. Lilikuwa toleo la kwanza kabisa, ambalo alikuwa amelisaka miaka kumi na mmoja. "Hilo halimo, mama," alisema, huku akilisukumia ndani ya koti. Wiki mbili baadaye akasikia mama amefariki.

Siku ya pili ikaja harufu ya ugoro, ule aliokuwa akiunusa Mama Khalayi. Siku ya tatu, wakiwa mezani wanakula muthokoi wa mahindi na maharagwe, na chumba kimefungwa kwa kufuli, walisikia kurasa zikifunuliwa, mmoja, halafu mwingine, polepole, kisha haraka haraka kama mtu anayetafuta cheti huku anaitwa, hadi mlango ukaanza kutikisika na sauti kavu ikauliza kutoka ndani, kwa upole uliomchoma Munyao kuliko ukali wowote: "Annah yumo?"

Kathini akamshika mkono. "Baba Mutunga," alinong'ona, "umefanya nini?"

"Sijui."

Munyao akamdanganya hata mkewe.

Jirani yao Halimo ndiye aliyemleta Sheikh Hashi kutoka Eastleigh. Munyao na mkewe walikuwa watu wa kanisa, lakini Kathini hakujali tena. Sheikh alisoma Kurani, akanyunyiza maji. "Huyu si marehemu," alisema. "Ni jini limeazima sauti yake. Limepita palipotamkwa uongo. Siwezi kulitoa kama bado umeshika kisicho chako."

Munyao akakiri yote, akilia. Kathini hakumtazama.

Asubuhi Munyao alilipeleka jarida Ziwani kwa Luseno, mwana wa marehemu, aliyelipokea kwa mikono miwili.

"Mama alihangaika sana siku za mwisho," Luseno alisema. "Akaanza kudhani ile picha aliiota tu. Na sisi tukamwambia, ndiyo mama, uliiota, ili apate kulala."

Luseno akafungua, akatafuta, akakunja uso, akamgeuzia ukurasa. Jina la Annah lilikuwa limeandikwa chini. Juu yake palikuwa na pazia la maua na kiti. Kitini hapakuwa na mtu.

Simu ya Munyao ikaita. Kathini alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Baba Mutunga, kuna msichana amekaa hapa sebuleni. Anasema anaitwa Annah. Anauliza mama yake yuko wapi. Nimwambie nini?"