Baiskeli Iliyofungwa Mlangoni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, binti wa fundi cherehani alikuwa stesheni na baiskeli yake. Treni ikishamfikisha, shule ilikuwa bado mwendo wa saa nzima kwa mguu. Na treni yenyewe, we acha tu. Watu wamebanana mpaka unavuta pumzi ya jirani.

Baiskeli zilikuwa na mahali pake, nyuma kabisa ya behewa la mwisho. Lakini ukikaa huko unashuka wa mwisho. Binti akaona heri aifunge mlangoni, kwenye nguzo, kwa utepe wa kitambaa alioutoa chini ya cherehani ya baba yake. Mafundo matatu, ya kukaza kwa meno.

Siku moja bibi mwenye bandeji mguuni alitaka kushuka kituo cha zahanati.

"Jamani, nipisheni."

Watu wakaivuta baiskeli, haitoki. Wakahangaika na yale mafundo, wapi. Treni ikaondoka na bibi wa watu.

Mkaguzi wa tiketi akaja, jasho linamtoka. "Hii ya nani?"

Binti akatazama viatu vyake. Alikuwa na mtihani wa hesabu, na akishushwa angeukosa.

Mkaguzi akamgeukia muuza maziwa aliyesimama kule nyuma na madebe yake. "Mwenye baiskeli kila siku ni wewe. Kituo kijacho unashuka na madebe yako."

"Mkubwa, yangu si hii hapa nimeishika? Maziwa yatachacha juani, niuze nini leo?"

"Utashuka."

Binti akajipenyeza mbele. "Mjomba, ni yangu mimi," akamwambia mkaguzi.

Mkaguzi akaukata utepe kwa kisu. Kituo kilipofika, binti akashuka na bibi, akamkalisha kwenye keria, akaisukuma baiskeli kurudi zahanati.

"Polepole, mjukuu wangu," bibi akasema. "Mguu mmoja mbovu unanitosha."

Mtihani akaukuta umekwisha. Mwalimu alimwandikia sifuri kwa penseli, akamwambia aje kuufanya Jumamosi.

Kesho yake akaenda kule nyuma. Muuza maziwa akasogeza madebe, akamwonyesha jinsi ya kukunja usukani ili usimchome mtu.

"Jana nusura uniponze, binti," akamwambia taratibu. "Lakini ulisema. Kukosea, wote tunakosea. Ukinyamaza mwenzako akabebeshwa kosa lako, hapo umekosa mara mbili, na la pili ndilo baya zaidi. Haya, shika breki, tunaondoka."