Nilionja, Nikajua Ni Bia, Nikanyamaza

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Ibadakuli, Shinyanga. Napika chakula cha mtu mmoja na nusu yake namwaga. Msinionee huruma haraka, wasomaji wenzangu... upweke huu nimejitakia mwenyewe!

Zamani, kule Tinde, nilikuwa mpika pombe ya mtama. Nilipookoka niliiacha, nikahamia mjini na binti yangu wa pekee, Kabula, akiwa na miaka mitatu. Kanisani sikumwambia mtu habari hiyo. Hata Kabula nilimficha, kwa aibu.

Kabula alikua, akapata kazi ya upishi kwenye kambi moja ya wachimbaji Bugarama. Huko akampata Elia, kijana mpole wa Geita. Baba yake Elia, Mzee Yohana, alikuwa mlevi wa kutupwa kabla ya kuokoka. Miaka kumi na moja hakugusa hata tone!

Sendofu ya kumuaga Kabula kabla ya harusi ilipokaribia, Mfaransa mmoja wa pale kambini aliyependa mapishi yake alimpa zawadi. Chupa kubwa, shingo imevishwa karatasi ya dhahabu, kizibo kimefungwa kwa waya, maandishi yote Kifaransa. Tukafurahi, shampeni ya Ulaya! Shampeni za sherehe zetu walokole hazina kilevi, nani angewaza vingine?

Siku yenyewe kizibo kikaruka, paa! Vigelegele. Mshereheshaji akawamiminia wazazi wa pande zote mbili. Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, wageni waone hakina baya. Ukumbi mzima ukanitazama.

Nikaonja.

Povu lilikuwa zito, rangi kama chai kavu iliyokolea. Ulitangulia utamu, kama mkate uliobabuka kidogo, kisha uchungu mdogo nyuma ya ulimi, halafu joto likashuka kifuani. Bia ya namna ile sikuwahi kuionja maishani. Lakini chachu? Chachu naijua! Na niseme ukweli wote... ilikuwa tamu. Nilimkumbuka marehemu mama akikoroga mtungi wake, machozi yakanilenga.

"Mama Kabula, tuendelee?" Mzee Yohana aliniuliza kwa upole, glasi mkononi.

Ningesema ni bia, wangeuliza nimeijuaje. Mchungaji alikuwa pale, akina mama wa kwaya walikuwa pale... Nikaitikia kwa kichwa. Jamani, kwa kichwa tu!

Mzee alikunywa yote kwa mkupuo. Akaitazama glasi kwa muda mrefu, kisha akaomba aongezewe.

Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani. Walimkuta kilabuni, hajiwezi. Wakwe wakaja kwangu wamefura, wakidai Kabula alileta bia makusudi ili kumjaribu mzee. Mama yake Elia akanikazia macho.

"Wewe si ulionja? Hukujua?"

"Bia nitaijulia wapi mimi? Chupa kaileta Kabula."

Nilisema hivyo mbele ya mwanangu! Kabula akapiga magoti, akaomba radhi kwa kosa langu. Hawakumsikiliza. Uchumba ukavunjika siku hiyo hiyo.

Alikwenda Tinde kulia kwa shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu. Akamsimulia yote, na jinsi mama yake asivyoijua pombe. Shangazi akashangaa.

"Mama yako asijue pombe? Huyo alikuwa akichovya kidole tu, anakwambia imelala siku ngapi!"

Kabula akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza neno moja tu, "Mama, ulijua?"

Nikanyamaza. Kwa mara ya pili nikanyamaza! Nilisikia pumzi zake, akanisubiri, akanisubiri... kisha akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Nimesimama kanisani nikasema yote. Nimekwenda Geita kwa Mzee Yohana, akanisamehe. Waliokuwa wageni wamenisamehe. Niliyemzaa bado, na sina uso wa kumlaumu.

Wenzangu mnaoficha ya zamani, nawasihi, semeni kabla mwingine hajanywa! Aibu yangu ingekuwa ya jioni moja tu. Nilimtwika mwanangu, naye ndiye aliyepoteza mume.

Na wewe Kabula, kama gazeti hili litafika kambini kwenu, jibu lako ni hili. Ndiyo, mwanangu. Nilijua.