Jibu la Upande wa Kushoto

Siku Gharibu alipozikwa, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na waliokuja kuzika kutoka visiwa vya jirani walivua viatu wakavishika mkononi. Johari alikaa ndani na wanawake. Gharibu, kaka yake, alikuwa ameondoka kwa homa ya siku chache tu. Ndiye aliyemfundisha hesabu kila likizo, akichora kwa kijiti juu ya tope, na kila Johari alipokwama, Gharibu alimmalizia. Ubaya ulikuwa hapo, ila siku ile hakuna aliyeufikiria.

Baada ya hitma alirudi Kibiti kwa shangazi yake, Mwanamina, alikokuwa akisoma kidato cha pili. Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji, akaenda shule. Akifungua ukurasa wa milinganyo ya kipeo cha pili, alibaki akisubiri mtu ammalizie, na mtu hakuwepo.

Baba mdogo Saadi, aliyekuwa sasa msimamizi wa familia, alipata habari kwamba mtoto ameshuka darasani. Akatuma neno: akishindwa hesabu katika mtihani wa majaribio, arudi kisiwani, hakuna haja ya kumweka mjini bure. Shangazi alimtetea sana. Saadi akajibu kwamba siku ya majibu atakuja mwenyewe asikie.

Swali la mwisho la mtihani huo Mwalimu Subira wa hesabu alilitunga akiwafikiria watoto wa delta, wa visiwani kama Johari. Kina cha maji juu ya fungu la mchanga, kwa shibiri, ni 8 + 2x − x², na x ni saa zinazohesabiwa kuanzia saa sita mchana. Walitakiwa wachore grafu, kisha wataje saa ambazo kina ni sifuri.

Johari aliandika x² − 2x − 8 = 0, kisha (x − 4)(x + 2) = 0. Moyo ukatulia kidogo. Nne ni saa kumi jioni: maji yamepwa, fungu linatoka, chombo kinakwama. Hasi mbili akaikata kwa mstari. Kisiwani kwao hakuna aulizaye fungu limefunikwa lini. Watu huuliza litatoka lini, wasije wakalala juu yake.

Lakini grafu ilikata mhimili mara mbili: kulia penye nne, kushoto penye hasi mbili. Aliitazama kwa hofu. Kengele ilikuwa karibu. Akachukua raba, akaufuta upande wote wa kushoto, ili grafu ifanane na jibu lake.

Siku ya majibu Saadi alikaa kwenye benchi nje ya dirisha la darasa, kofia ameiweka magotini. Mwalimu alimwita Johari ubaoni, achore upya kama alivyochora kwenye karatasi. Akachora nusu.

"Grafu ya Johari imeliwa na mamba," Twalibu alisema kutoka nyuma, darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alimwuliza karatasi yake imechubuka kwa nini upande wa kushoto.

Johari angeweza kusema alikosea kuchora. Aliona kivuli cha baba yake mdogo dirishani.

"Ilikata na huku, mwalimu. Nikaifuta ili ilingane na jibu langu."

Mwalimu akamwongezea kipande cha chaki, akamwambia aitafute nukta moja moja, naye hatamsaidia. Johari akahesabu mwenyewe. Hasi moja: nane, toa mbili, toa moja, tano. Hasi mbili: nane, toa nne, toa nne, sifuri.

"Saa sita fungu lilikuwa na maji shibiri nane," Mwalimu alisema. "Yalianza kulifunika lini?"

Johari aliweka kidole ubaoni penye sifuri. Kisha akahesabu kurudi nyuma kutoka saa sita.

"Saa nne asubuhi. Hasi mbili ni saa mbili kabla ya kuanza kuhesabu."

Mwalimu akatoka nje, akamwambia Saadi ukweli: mtihani Johari ameshindwa, amepungukiwa kidogo, na alama haziongezwi. Saadi aliigeuza kofia mikononi.

"Nimemsikia akisema amefuta, huku akijua nipo hapa," alisema. "Abaki, mwalimu. Ila afanye mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia Johari. "Jibu usilolitarajia usilifute, mwanangu. Uliza limetoka wapi, ulifuate mpaka mwisho, hata kama wa kukumalizia hayupo."

Mtihani wa taifa aliufaulu. Sasa Johari yuko kidato cha tatu, na hesabu zake anazimaliza mwenyewe.