Kifungo cha Tatu

"Nani kakushonea kifungo hiki?"

Mwalimu alikuwa anapanga madaftari mezani. Hakugeuka.

"Kifungo gani?"

"Cha tatu. Na usinijibu swali kwa swali, mume wangu."

"Kilikatika, nikasaidiwa."

"Na nani?"

Kimya. Ndivyo alivyo bwana huyo. Akifurahi kimya, akikasirika kimya, ukimchoma sindano atakwambia asante. Miaka mitatu ya ndoa mkewe aliupenda utulivu ule, sasa ukaanza kumtisha.

Mkewe ni fundi cherehani, na fundi humdanganyi kwa kifungo, jamani! Uzi ulizungushwa kinyume na anavyozungusha yeye. Kazi ya mtu anayetumia mkono wa shoto. Mtaani alimjua mmoja tu: muuza dawa, mjane, mzuri hadi anaudhi.

Ijumaa Mwalimu akiwa bafuni, simu yake ikalia mezani. Ujumbe, namba haina jina:

"Kesho uje mapema. Na yeye asijue."

Nimeibiwa mume kweupe, Fundi akajisemea. Lakini hakupiga kelele. Akapakua chakula, akauliza kama vile hana habari:

"Kesho una ratiba gani?"

"Nina masomo ya ziada."

"Haya."

Asubuhi akamfuata, mtandio umemziba uso. Mwalimu akaingia duka la dawa. Akatoka na mfuko, muuza dawa akimpungia mkono. Ila hakusimama, akakata uchochoro wa nyuma, akaingia chumba cha mwisho.

Fundi akausukuma mlango bila hodi.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha: mama mzazi wa Fundi. Shati jingine la Mwalimu amelibana magotini, sindano iko mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani, hausogei.

Mama huyo ndiye aliyesema, "Ukiolewa na huyo, usinijue." Binti akajibu, "Sawa." Mama akahama bila kuaga, na tangu hapo hawakusemezana.

"Mama... mkono umefanya nini?"

"Kiharusi. Mwaka sasa."

"Mwaka! Na wewe Mwalimu ulijua?"

"Nilimkuta zahanati. Akaniapisha nisikwambie."

"Ukaniacha niungue na wivu?"

"Kila Jumamosi nikimletea dawa nilimwomba aniruhusu nikwambie." Akaligusa shati lile magotini pa mama. "Kifungo nilikikata mwenyewe, mke wangu. Kuapa niliapa, lakini nilijua wewe utakiona."

Mama akashtuka kitini.

"Ala! Ndiyo maana vifungo vyako haviishi kukatika! Mkwe, kumbe mjanja hivi?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mimi niliyekukataa ndiye wa kuomba." Akamgeukia binti yake, macho yamejaa. "Sikutaka uje kwa huruma."

"Sikuja kwa huruma, mama. Nimekuja kwa wivu."

Mama akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Fundi alitamani kumkumbatia, akashindwa. Miaka mitatu si mchezo. Akashika kifungo cha blauzi yake, akakivuta mpaka kikang'oka, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Na changu kimekatika, mama."

Mwalimu akachukua sindano, akatunga uzi, akamkabidhi mama mkwe wake. Bila kusema neno, kama kawaida yake.