Wening na Hesabu ya Ishirini na Tano

"Sema ulizaliwa baada ya magharibi. Basi, neno moja tu!"

Danar alisimama mbele ya geti la kwao, Bantul, helmeti kwapani, jasho likimtiririka.

"Nilizaliwa saa nane mchana," Wening akajibu.

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Wening, siku huanza jua likizama! Ukisogea masaa machache tu, unatoka Jumatatu unaingia Jumanne. Hesabu yetu inatoka talaka inaingia heri."

Ujanja huo Wening aliujua kuliko yeye. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni Yogyakarta, akisoma dini, falsafa na maadili, na insha iliyompa alama za juu darasani ilihusu hesabu hizihizi, ambazo kwazo wazee wa Java hujumlisha namba za siku walizozaliwa wapenzi, siku ya juma na ile ya soko la kila siku tano, kama Pon au Kliwon, kabla ya kukubali ndoa. Alimpenda Danar mpaka chakula kilimshinda. Lakini kichwa alikibeba juu, na hakuwa tayari kukishusha.

"Kwani wewe unaamini hayo mambo?" Danar akauliza.

"Mama yako anaamini. Nikimdanganya, nitakuwa nimemdharau yeye na hesabu yake. Twende ndani."

Mama Sumarni, mama yake Danar, alikuwa ameshaketi mkekani na daftari la marehemu baba yake. Akamsogezea mgeni chai na tempe, vipande vya soya vya kukaanga.

"Kula, binti. Sasa, cheti chako kinasema Jumatatu Pon. Mwanangu ni Ijumaa Kliwon. Jumla ishirini na tano. Mtaachana, hilo halina mjadala." Akashusha sauti. "Ila hawa wakunga nao huandika ovyo. Labda ulizaliwa jioni?"

Mlango wa kudanganya ulikuwa wazi kabisa. Simu ya Wening ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Danar, aliyeketi hatua mbili tu kutoka kwake: "Sema NDIYO. Nakuomba mpenzi."

Akaigeuza simu kifudifudi.

"Hapana, mama. Ilikuwa saa nane mchana."

Danar akafumba macho.

"Unajua unachokipoteza?" Mama Sumarni akauliza.

"Najua, na kinaniuma. Nampenda Danar kuliko ninavyoweza kusema mbele yako. Lakini nikiingia nyumba hii kwa uongo, kila tutakapogombana nitaogopa kwamba ndiyo hesabu imefika."

Mama Sumarni akalifunga daftari.

"Hivyo ndivyo nilivyoishi mimi," akasema.

"Mama?" Danar akashtuka.

"Nilizaliwa asubuhi. Mama mkwe aliponiuliza, nikasema jioni. Miaka thelathini na moja! Baba yako akichelewa kurudi, natetemeka. Akininunia, nasema leo ndiyo leo."

"Mimi nilijua," sauti ikatoka jikoni.

Mzee Kardi, mumewe, akatokea na glasi ya kahawa mkononi.

"Ulijua nini?" Mama Sumarni akamgeukia.

"Kwamba ni asubuhi. Mama yako mwenyewe aliniambia, wiki moja kabla ya harusi."

"Ukanyamaza, baba Danar? Miaka yote hiyo?"

"Ningesema, ungeahirisha harusi. Nami nilikuwa nakutaka."

Mama Sumarni akalia, akacheka, kisha akamrushia kitambaa cha meza. Alipotulia akamshika Wening mkono.

"Mimi nilitishwa na hesabu nikadanganya. Wewe umeitazama usoni. Utaolewa hapa. Ila siku ya harusi naichagua mimi, na sadaka ya kuondoa nuksi tutaipika!"

"Chagua, mama. Na kupika nitakusaidia."

Danar akapangusa macho kwa mkono wa shati.

Hata chai haijapoa, Mama Sumarni alikuwa kwenye simu na dada yake wa mjini Solo, sauti inasikika hadi kwa jirani.

"Ndiyo, nimepata mkwe! Msomi! Anasoma dini, falsafa na maadili... Eti nini? Atapata kazi gani?"

Akamtazama Wening juu mpaka chini, kidevu kimeinuka.

"Dada, huyu kazi ameshaanza. Amenifundisha mimi leo, na nina miaka hamsini na sita!"